Radhi ya Mwenda Makka

Mama yangu alipojiandaa kwenda Makka alikumbuka kila kitu, na mimi nilikuwa wa mwisho. Alishashona mabaibui mapya, alishachanjwa, alishafundishwa na wenzake kuizunguka Kaaba kwa kulizunguka dawati la madrasa. Alishapita mtaa mzima akiomba radhi. Aliwaomba wapangaji aliowatoa, aliwaomba wakulima wa alizeti wanaomletea mafuta dukani, alimwomba hata jirani waliyenuniana naye miaka kwa ajili ya kuku. Siku yenyewe ya kuondoka ndipo kaka yangu Rahimu aliponifuata Mandewa ninakopanga, akapiga honi nje ya chumba changu bila kushuka kwenye gari.

Kwa asiyejua, kwetu mtu haendi Hija na kinyongo cha mtu mgongoni. Anapita kwa watu anasema, nisamehe ya kujua na ya kutokujua. Unamjibu, nimekusamehe, na wewe nisamehe. Yamekwisha. Hakuna anayeuliza ni yapi hayo, na ndiyo sababu watu wanaupenda utaratibu huu.

Nilikuwa nachora. Nikamwacha apige honi mpaka mwenye nyumba akatoka kulalamika, ndipo nikajitupia mtandio nikaenda. Rahimu alizitazama nywele zangu zilizokuwa zinachungulia, fupi na nyekundu, akageuzia uso barabarani.

"Leo usituaibishe," alisema.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimesema usituaibishe. Mama kasema usipomtolea radhi haendi. Gari linaondoka baada ya alasiri, na watu wote wako pale nyumbani."

"Si aende tu. Mbona gitaa langu alilichoma bila kuniomba chochote?"

"Ni neno moja, Zabibu. Linasemwa kwa mdomo."

"Langu la mdomoni linatokea tumboni. Ndiyo maana hamkunipenda."

Aliwasha redio, ikatoka kaswida, na tukaendelea kuchukiana kwa adabu mpaka mjini.

Acha nilisimulie hilo gitaa mwenyewe, maana watu wa mji huu wanalisimulia wanavyotaka. Nilikuwa na bendi. Ilikuwa Itigi, si Singida mjini, kwa sababu mjini kila kona ilikuwa na mjomba wangu mmoja. Tuliiita Kutu. Mimi nilikuwa na gitaa la umeme na mdomo, na Loyce alipiga ngoma. Baba yake Loyce alikuwa mtu wa reli, na nyuma ya nyumba yao palikuwa na ghala lililokwisha kazi. Ngoma zake zilikuwa mapipa ya asali yaliyotoboka na sufuria kubwa la shule, na aliyapiga mpaka abiria wa treni wakatoa vichwa madirishani. Muziki wenyewe tuliujulia kwenye kaseti zilizoachwa gesti na Mzungu mmoja wa mradi wa visima. Nyimbo fupi, gitaa linakwaruza, mtu anafoka. Maneno hatukuyaelewa, lakini hasira tulizielewa vizuri sana. Mhudumu wa gesti alisema unaitwa panki, tukaona jina linatosha.

Wakati huo redio zote zilikuwa zimeshikwa na bongo fleva, na kila mtu alituuliza mbona hatuimbi mapenzi. Sisi tuliimba maji ya chumvi, tuliimba walimu wenye fimbo, na wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa "Kidole". Ulimhusu mwenye duka anayeegemeza kidole kwenye mizani akikupimia sukari. Sikutaja jina la mtu. Lakini Singida nzima mwenye duka mwenye mizani ya shaba na kidole chenye pete ya fedha alikuwa mmoja, na ndiye aliyenizaa.

Wateja wakaanza kuichungulia mizani. Wengine wakaja na mawe yao ya kupimia. Mama hakunipiga. Alisubiri niingie kuoga, akalitoa gitaa uani, akalimwagia mafuta ya taa, akavuta kigoda na kukaa mpaka likaisha. Kisha akanipeleka Sepuka kwa shangazi Saada ninyweshwe kombe, kwa kuwa ilishaamuliwa kwamba anayefoka ndani yangu ni jini. Nilikaa Sepuka msimu mzima wa mtama, nakunywa aya zilizoandikwa kwa zafarani na kupalilia mashamba ya watu. Nilipoachiwa nikakimbilia Itigi. Loyce alikuwa ameshapanda treni kwenda Dar, na baba yake amehamishwa. Hakuniachia hata salamu. Baadaye nikasikia alipiga huko kwenye tamasha, nyimbo zetu, akiwa na watu wengine. Nilimchukia Loyce kuliko nilivyomchukia Mama. Mama alikuwa adui na alifanya kazi ya adui, lakini Loyce alikuwa mwenzangu.

Sikugusa gitaa tena. Nikapata kamera ndogo ya kanda kwa Festo, mpiga picha, aliyekuwa anataka kuitupa. Niliilaza chini ya kaunta ya duka letu Ramadhani nzima, inarekodi miguu ya wateja. Miguu tu. Ndala, raba, viatu vya afisa, mguu wa mtoto anayesubiri chenji huku anaukuna kwa mguu wa pili. Nikatandaza shuka jeupe kwenye majabali ya Ziwa Singidani, nikaionesha. Watu walikuja, wakauliza picha inaanza saa ngapi. Nikawaambia ndiyo hii. Wakacheka, wakakaa, na baada ya muda wakaanza kutambuana kwa nyayo. Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Dodoma akaniambia kuna watu duniani wanaifanya hiyo kuwa kazi, inaitwa sanaa ya video, na akataka kanda azipeleke kwa wenzake.

Hazikwenda popote. Mama alizikusanya akampa Festo arekodie harusi ya Rahimu. Kwake yeye kanda ni kanda, ikijaa inafutwa, na harusi ina heshima kuliko ndala. Mpaka leo kwenye video ya harusi ya kaka yangu, bibi harusi akishaketi na kabla ndugu hawajaanza kutunza, picha inakatika na miguu ya watu inapita. Wageni hudhani mtambo mbovu.

Nikahamia kwenye katuni, nikijidanganya kwamba karatasi haifutiki. Nilimchora Kigego. Kwa wazee wetu mtoto anayeota meno ya juu kwanza ni kigego, analeta mkosi, na zamani hakuachwa aishi. Wangu aliachwa, na alikuwa anang'ata watu waliostahili. Toleo la kwanza lilichapwa Dodoma, likaja kwa maboksi, nikayaweka stoo kwa Mama kwa muda mfupi tu nikitafuta usafiri. Ndiyo kwanza mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na kila duka linalilia karatasi. Niliporudi, Kigego alishakuwa koni za karanga na mafungu ya dagaa. Watu wa mji huu wamenisoma hivyo, ukurasa mmojammoja wenye mafuta, bila mwanzo wala mwisho. Wananisimamisha sokoni mpaka leo wananiuliza ikawaje.

Siku hizi ninachapisha mtandaoni, na hata jina langu silitumii, natumia Kigego. Wananisoma Dar, wananisoma Nairobi, na hakuna karatasi ya mtu kufungia kitu. Kuna msichana wa treni humo mwenye nyuso mbili, wa kucheka na wa kuondoka. Huyo ni Loyce. Wasomaji wanamchukia sana, na kila wakimtukana nilikuwa nafurahi.

Basi hiyo ndiyo hesabu niliyokwenda nayo kwa Mama siku ile.

Tulipofika, dua ilikuwa imekwisha na pilau limeshaliwa. Wanaume walikuwa kwenye turubai uani, wanawake wamejaa sebuleni mpaka kwenye korido. Mama alikaa kwenye mkeka katikati yao, amevaa nyeupe kuanzia kichwani, kipochi cha pasipoti kikining'inia shingoni. Alikuwa amezeeka, lakini si kwa namna ya kunihurumisha. Watu humwita Mama Rahimu. Sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina langu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimeshiba."

"Kaa."

Nikakaa. Shangazi Saada akauvuta mtandio wangu mbele ufunike nywele, nami nikaurudisha nyuma. Wote walikuwa wamelisubiri jambo hili kuliko pilau.

Mama akasema kwa sauti yake ya dukani, ile inayofika barabarani. "Zabibu mwanangu, mimi ni msafiri. Kufika ni kwa Mungu na kurudi ni kwa Mungu. Nisamehe niliyokukosea, ya kujua na ya kutokujua."

"Yapi?" nilimuuliza.

Wanawake walitazamana. Rahimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho.

"Yote," Mama alisema.

"Yote siyajui. Yataje."

"Wewe mtoto wewe," shangazi Saada akaingilia, "mzazi haulizwi hivyo. Sema nimekusamehe, mtu apande gari."

"Shangazi, wewe ulininywesha kombe mpaka nikaharisha. Zamu yako bado."

Rahimu akamwita Ustadhi Abdillahi kutoka kwenye turubai aje aniseme. Ustadhi ni mtu mpole, ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani kabla sijaharibika. Alisimama nje ya mlango akasema kwamba aliyedhulumiwa ana haki yake, kwamba kuyataja makosa si lazima, na kwamba kusamehe ni bora. Aliyasema yote matatu kwa sauti ileile, kila mtu akachukua lake.

"Nitamsamehe," nilisema. "Mbele yenu nyote. Ila ayataje moja moja kwa majina yake. Akimaliza, nami nitasema neno lake."

Nikatoa simu, nikaiegemeza kwenye jagi la maji, kamera yake ikimtazama. Minong'ono ikaanza. Mama akaurekebisha ushungi wake.

"Inachukua?"

"Inachukua."

"Nilichoma gitaa lako," alisema, akiitazama simu bila kupepesa. "Nililimwagia mafuta ya taa nikalichoma, kwa sababu ulinitangaza mwizi. Na kidole kilikuwepo." Akasubiri minong'ono ipite. "Kilikuwepo, ndiyo. Nimewaomba radhi wateja, wengine mmekaa hapa. Lakini wa kunitangaza hakupaswa kuwa wewe."

Nilikuwa nimejiandaa na majibu makali, na kidole sikukitarajia.

"Nilitoa kanda zako zirekodiwe harusi. Na sikuzitoa kwa kutokujua. Niliziangalia kwanza na Festo kwenye ile kamera. Nikaona miguu ya baba yenu. Alikuwa ameshatutoka. Nikaona ile ndala yake iliyofungwa waya. Nikasema zifutwe zote, sitaki watu wakae kwenye mawe wamtambue mume wangu kwa ndala."

Baba, mzee Mselemu, alifariki kabla ya harusi ile. Nilikuwa nimesahau kwamba alipita mbele ya kamera. Hilo lilinichoma, na nilimtazama Mama kwa chuki safi, kwa sababu hatuna picha yoyote ya Baba akitembea.

"Nilifungia karanga katuni zako. Nilijua ni zako. Nilizisoma kwanza. Yule bibi mwenye meno ya mawe ya mizani ni mimi."

"Ni wewe," nilisema.

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Haya," Rahimu alisema, "ameyataja. Yamekwisha. Zabibu, sema."

Na nilikuwa tayari, sitaficha. Nililisikia neno limekuja lenyewe, kifua kimelegea, nikashangaa kwamba nimelisubiri tangu usichana na sikujua. Nilifungua mdomo.

"Bado," Mama alisema. "Lipo la nne, na hilo hulijui."

Aliitazama simu kwanza, halafu akaacha kuitazama, akanigeukia mimi.

"Ulipokuwa Sepuka yule Loyce alikuja dukani. Alitoka Itigi kwa lori la asali. Akaniambia mmeitwa Dar kupiga muziki wenu, wewe na yeye, na amekuja kukuchukua. Nikamwambia umekufa."

Nje mtu alikuwa anapanga sahani, zikawa zinasikika.

"Nilimwambia ulishikwa na homa, ukafa, tukakuzika siku hiyohiyo. Akauliza mbona hatukumwita. Nikamwambia sisi Waislamu hatulazi maiti, hata ndugu wa mbali hawakuwahi. Akaamini. Akaomba kaburi. Nikampeleka makaburini nikamwonesha kaburi bichi la mtu mwingine. Alilia pale mpaka nikamwonea huruma. Nikampa soda, nikampandisha gari la kurudi kwao."

"Fatu," shangazi Saada alimwita Mama taratibu. Hata yeye alikuwa hajui.

Mimi nilikuwa nafikiria msichana wa nyuso mbili. Nilikuwa nafikiria jinsi nilivyozipamba zile nyuso, miaka yote hiyo, nikitafuta mstari wa mdomo uoneshe vizuri mtu anavyotupa mwenzake. Loyce alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga wa makaburi yetu, na mimi nilikuwa Sepuka napalilia.

"Ungenyamaza," nilimwambia Mama. Sauti ilinitoka ndogo. "Nilikuwa nakusamehe. Ungenyamaza tu, nami nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Ulisema kwa majina yake."

Nikaichukua simu. Namba ya Loyce nilikuwa nayo. Niliiona mwaka juzi kwenye bango la kwaya Manyoni, yeye ndiye mwalimu wao, amesimama kando ya kinanda amevaa gauni la kung'aa. Niliihifadhi kwa jina Msaliti, na sikuwahi kuipiga. Sasa niliipiga, na nikaweka sauti ya nje ili mama yangu asikie alichokifanya.

"Haloo."

"Loyce, ni Zabibu."

"Zabibu yupi?"

"Wa Singida. Wa Kutu."

Kisha ikaja sauti niliyoikumbuka, ya Loyce akiwa amekwisha kukasirika. "Sikiliza, wewe. Sijui nani kakutuma. Huyo mtu alikufa na nililia juu ya kaburi lake. Marehemu hachezewi. Usinipigie tena." Akakata.

Nikapiga, akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho.

"Nipe," Mama alisema.

Sikutaka kumpa. Alinyoosha mkono ukabaki hewani, wenye pete ileile, mpaka nikampa. Akapiga yeye. Loyce alipokea akiwa tayari kwa vita.

"Si nimekwambia usini..."

"Mimi ni mama yake Zabibu," Mama alisema. "Wa lile duka la Singida."

Tulimsikia Loyce akivuta pumzi. "Shikamoo mama." Hata katikati ya hasira ile, malezi yalimtoka yenyewe.

"Marahaba mwanangu. Nilikudanganya. Zabibu hakufa. Lile kaburi halikuwa lake, lilikuwa la mtu nisiyemjua. Leo nakwenda Makka. Nakuomba uniwie radhi."

Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Aimbe 'Kidole'."

"Mwanangu, hapa nimezungukwa na watu wa dua."

"Mama, mimi nimeshadanganywa mara moja na sauti yako," Loyce alisema. "Kama ni yeye, aimbe."

Mama akaisogeza simu mbele yangu, akangoja. Niliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, waliokuja na tasbihi na vikapu, na Ustadhi mlangoni, na kaka yangu ambaye midomo yake ilikuwa inasema usithubutu. Sauti yangu siku hizi ni ya mtu anayekaa kimya kutwa na kalamu. Nikaivuta kutoka chini kabisa.

"Mama muuza, mkono wa pete,
robo yangu mbona nyepesi?
Toa kidole, toa kidole,
toa kidole nikuone."

Ilitoka imekwaruza, imekosa tuni, mbaya kama ilivyokuwa Itigi. Shangazi alijiziba masikio. Nilifoka ubeti wa pili, ule wa pete kuzama kwenye sukari, nikimtazama mama yangu usoni, na yeye akinitazama. Ndipo tukasikia kwenye simu kitu kinagongwa. Loyce alikuwa anapiga, sijui meza, sijui kifuniko cha kinanda, lakini pigo lilikuwa lake, lile la kuwahi kidogo kuliko wimbo. Nikamfuata. Kwenye kiitikio akaingia naye, akifoka, mwalimu mzima wa kwaya, na nyuma yangu pale sebuleni nikasikia mwanamke mmoja anaitikia kwa chini, toa kidole, toa kidole. Kumbe mji huu ulikuwa unaujua wimbo wote.

Tukamaliza kama zamani, ghafla, bila mwisho. Loyce alikuwa anahema.

"Mbwa wewe," alisema. "Mbwa wewe, Zabibu. Nilikwenda Dar nikapiga zile nyimbo kwa ajili yako, nikashuka jukwaani nikaacha. Sikushika tena fimbo za ngoma mpaka leo." Alikuwa analia na hakuficha. "Usikate. Hapana, kata. Niache nikae chini. Nitakupigia mimi."

"Radhi yangu je?" Mama alimuuliza.

"Mama, usiniulize leo," Loyce alisema, akakata.

Mama akaiweka simu kwenye mkeka. Uani wanaume walikuwa wameacha kuongea, na mlio wa gari lililowashwa ulikuwa unasikika.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nijibu."

"Uliahidi mbele za watu," Rahimu alisema.

"Niliahidi," nilikubali. Nikamgeukia Mama. "Gitaa nimekusamehe. Kanda nimekusamehe, na miguu ya Baba nimekusamehe. Katuni nimekusamehe, hata za karanga."

"Na la nne?"

Nililitafuta. Namwambia Mungu kwamba nililitafuta, pale ambapo lilikuwa limekaa tayari muda mfupi kabla, na halikuwepo.

"Hilo sina," nilisema. "Nikisema ninalo nitakuwa nakudanganya, na wewe ndiye unayekwenda kwenye nyumba ya Mungu."

Shangazi Saada akaanza kulia kwa sauti. Rahimu akasema neno lisilosemwa kwenye nyumba ya mwenda Hija. Mama peke yake ndiye aliyetulia. Alitikisa kichwa kuonesha kwamba amesikia, akainua kamba ya kile kipochi, akaanza kukivua shingoni.

"Basi siendi," alisema. "Rahimu, waambie wapakie mizigo ya wenzangu."

Hakusema ili nimhurumie. Ninamjua, nimemchora kwa miaka. Angekaa pale kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, gari likaondoka, na kesho angefungua duka. Nikamshika mkono kabla kipochi hakijapita kichwani.

"Nenda," nilimwambia. "Ukirudi uniombe tena."

Akageukia mlangoni. "Ustadhi, inafaa hivyo?"

Ustadhi Abdillahi alifikiri muda mrefu, na gari linangoja. "Umeomba," alisema. "Mwenye haki hajakukatalia. Ameahirisha."

Mama akanitazama. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika wake, na mkono wake ulikuwa na baridi.

"Na nikifa huko?"

"Usife," nilisema. "Rudi uniombe tena. Sijamalizana na wewe."

Akakirudisha kipochi shingoni. Akaniegemea bega kwa uzito wake wote ili asimame, na hakuniachia mpaka tulipofika kwenye gari.